Vidole vya Mtoto na Mkono wa Mtu

Mtoto alikuwa na umri wa miezi tisa mikono yake ilipovimba mara ya kwanza. Ilikuwa Julai, wakati Nairobi huamka na mawingu mazito na manyunyu, na akina mama wa mtaa wa Lucky Summer huwavisha watoto sweta mbili kabla ya kutoka nje. Mama yake alifanya kibarua katika kiwanda kimoja upande wa Baba Dogo, kazi ya kuingia asubuhi na mapema, hivyo mtoto alishinda kwa mama mmoja wa makamo aliyelea watoto wa majirani katika chumba chake cha kupanga, kila mtoto kwa malipo ya siku. Jioni hiyo mtoto alirudi analia. Usiku hakulala. Kulipokucha mama alimvua soksi alizomvisha mikononi kwa sababu ya baridi, akaona viganja vimefura kama maandazi, ngozi ya vidole inang'aa, na kila alipovigusa mtoto alipiga yowe.

"Wewe mama, mtoto wangu umemfanyaje?" alimuuliza mlezi pale mlangoni, majirani wakisikia.

"Mwanangu, mimi nalea watoto saba humu ndani na sijamwinulia mkono hata mmoja. Alianza kulia saa nane mchana, nikadhani ni meno."

Hakuna aliyemwamini. Mikono miwili imevimba kwa siku moja, tena yote sawasawa, nani angekubali kwamba si kipigo? Wengine walisema amemchapa na mwiko, wengine amemfunga kamba asitambae. Jirani mmoja akaapa kwamba alimsikia mtoto akilia tangu mchana, jambo ambalo mlezi mwenyewe alikuwa ameshalisema. Shauri likafika kwa mzee wa nyumba kumi. Mlezi akatozwa pesa za matibabu, na kabla ya wiki kwisha akina mama wengine wakawaondoa watoto wao kwake mmoja baada ya mwingine. Kodi ikamshinda, akahama.

Familia hii nimeiunda mwenyewe ili nisimwanike mtu wa kweli. Ugonjwa ulioingia nyumbani mwao sikuuunda, na yaliyowapata yanawezekana katika ploti yoyote ya Eastlands leo hii.

Kwenye kemisti walipewa dawa ya maumivu na dawa ya kuua bakteria. Mama akakaa nyumbani na mtoto, kibarua kikapotea. Siku ya nane uvimbe ukawa umekwisha kabisa. Basi kila mtu akaona ushahidi umekamilika: mtoto ameondolewa kwa mlezi, mtoto amepona.

Huo ndio mtego, na ningependa kila mzazi aujue kabla haujamnasa. Uvimbe wa namna hii huja wenyewe na kwa kawaida huondoka wenyewe baada ya wiki moja au mbili, mtoto apewe dawa asipewe. Aliyekuwa karibu ulipoanza hubeba lawama, na aliyekuwa karibu ulipokwisha hupata sifa. Mwenye kemisti atasema dawa yake imefanya kazi. Bibi wa kukanda atasema ni mafuta yake. Mganga atasema ni hirizi. Wote watakuwa wameona kwa macho yao mtoto akipona, na wote watakuwa wamekosea, huku ugonjwa wenyewe ukibaki ndani ya damu ukisubiri zamu nyingine.

Jina lake ni selimundu, ingawa Nairobi wengi huuita kwa jina lake la Kiingereza. Chembe nyekundu za damu zimejaa himoglobini, ile inayobeba oksijeni na kuipa damu rangi yake. Kwa mwenye selimundu, himoglobini hiyo imetengenezwa kwa maagizo yenye kosa dogo sana: herufi moja tu imebadilika katika jeni, na kwa sababu hiyo kiungo kimoja cha protini kimechukua nafasi ya kingine. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe iliyokuwa duara laini hupinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ile iliyopinda huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu hupungua na macho huingia umanjano.

Na mikono? Mifupa midogo ya viganja, vidole na nyayo za mtoto mchanga bado ina uboho mwekundu, kiwanda cha kutengeneza damu, na mishipa inayoilisha ni myembamba mno. Chembe zilizopinda zikikwama humo, mfupa hukosa damu, hufa sehemu, huvimba. Baridi huchochea, kwa kuwa mishipa ya mikono hujikunja mtu anapopata baridi. Kukosa maji mwilini huchochea, na homa pia. Ndiyo sababu Julai ya Nairobi ni mwezi mbaya kwa watoto hawa. Wakishafika miaka mitano au sita, uboho mwekundu huwa umeondoka katika vidole, na uvimbe huu huwa nadra kurudi. Maumivu huhamia kwenye mifupa mirefu, mgongo na kifua.

Mtoto hazaliwi na mikono hiyo. Miezi ya kwanza analindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni, ambayo haipindi. Inapopungua na nafasi yake kushikwa na ile ya kudumu, kuanzia karibu miezi sita, ndipo dalili huanza, na kwa watoto wengi dalili ya kwanza kabisa ni vidole. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha na la rehema kwa pamoja. Mtoto asiyejua kusema anaonyesha mkono wake, na mkono unasema kila kitu kwa anayejua kuusoma.

Desemba familia ilisafiri kwenda Siaya, kwao baba, kumwonyesha nyanya mjukuu. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne. Huko mikono ilivimba tena, safari hii pamoja na miguu. Mlezi wa Lucky Summer alikuwa mbali, mamia ya kilomita, na hapo mtu angetazamia familia ijiulize upya. Badala yake lawama ilihama tu. Nyanya alisema ni chira, kwamba kuna mwiko wa ukoo uliovunjwa pale kijana wake alipooa bila kufuata taratibu zote. Shangazi akasema hapana, hapa kuna mkono wa mtu, mtoto ameonewa kijicho. Mama mtoto, ambaye kwao ni Kilifi, aliwapigia simu wazazi wake, nao wakamwambia asikubali mtoto aguswe kule, amlete Pwani kuna mganga anayeaminika. Katika vuta nikuvute hiyo mtoto alichanjwa chale juu ya viganja vilivyovimba, zikapakwa dawa ya unga. Mkono mmoja ukatunga usaha.

Nani wa kumlaumu nyanya? Alimpenda mjukuu wake na alitumia elimu aliyokuwa nayo. Lakini chale juu ya mfupa ambao tayari umekosa damu ni mlango wa bakteria, na mfupa uliokufa sehemu hauna askari wa kupigana. Watoto wa selimundu hushambuliwa kwa urahisi na maambukizi ndani ya mifupa, na hapo uvimbe hauondoki wenyewe tena. Huhitaji hospitali, dawa ya sindano kwa majuma, pengine upasuaji. Huyu aliponea chupuchupu katika zahanati ya huko. Aliyemtibu alitibu kidonda, akampa na dawa ya malaria kwa kuwa alikuwa nayo. Hakuna aliyeuliza kwa nini mikono ilikuwa imevimba kabla ya wembe kufika.

Mwezi wa Machi, wakiwa wamerudi Lucky Summer, mtoto alipandwa na homa saa tatu usiku. Baba alisema wasubiri kukuche. Usiku njia si salama, na homa ya mtoto ni kitu cha kawaida. Walimpa dawa ya kushusha homa, wakampangusa kwa kitambaa chenye maji. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa hajitambui. Alifariki kabla ya adhuhuri. Kwenye karatasi pakaandikwa upungufu wa damu na maambukizi makali, maneno ya kweli yasiyoeleza chochote.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu usiku ule ndio uliobeba gharama yote. Wengu, kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, ndicho kinachochuja bakteria katika damu ya mtoto. Kwa mwenye selimundu, chembe zilizopinda hukiziba na kukiharibu mapema sana, mara nyingi kabla hajatimiza miaka miwili. Mtoto hubaki bila mlinzi. Bakteria wa nimonia ambao mtoto mwingine angewashinda kwa siku chache wanaweza kumuua huyu kwa saa chache. Kwa mtoto wa selimundu homa haisubiri asubuhi, na mzazi aliyeambiwa hivyo mapema angebisha mlango wa jirani mwenye gari, angempigia simu mwenye bodaboda anayemwamini, angefanya lolote. Baba yule hakuwa mzembe. Hakuwa ameambiwa. Mikono ya mtoto ilikuwa imempa notisi ya miezi minane, nayo ikatumika kutafuta wa kumlaumu.

Ulinzi wenyewe si wa ajabu wala si wa gharama kubwa. Mwaka 1986 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowapa baadhi ya watoto wa selimundu penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa kuwa maambukizi ya nimokoki, wale bakteria wa nimonia, yalikuwa yamepungua kwa asilimia 84, na isingekuwa haki kuwanyima wale wengine dawa. Penisilini! Dawa ya zamani, inayopatikana kila mahali, inayoanzwa mtoto akiwa na miezi miwili au mitatu hadi atimize miaka mitano. Mtoto yule alikufa kwa kukosa dawa iliyokuwa katika rafu ya kemisti ile ile walikonunua dawa ya maumivu.

Miaka miwili baadaye walipata binti. Akiwa na miezi saba mama alimpeleka kliniki kupimwa uzito. Alikuwa amevishwa glavu za sufu, na muuguzi akamwomba mama azivue.

"Hii mikono imevimba lini, mama?"

"Juzi, sista. Nafikiri ni baridi."

"Yote miwili? Na hakuanguka?"

"Yote. Hakuanguka."

Muuguzi alinyamaza kidogo, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Kuna mtoto mlimpoteza?"

Mama alilia pale pale kwenye benchi. Alisimulia mikono ya wa kwanza, miguu, chale, homa. Walitumwa kwenye hospitali kubwa, damu ikachukuliwa kwa kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, na majibu yakarudi na herufi mbili, SS, yaani selimundu. Picha ya eksirei ya mkono, iliyopigwa siku zile za mwanzo, haikuonyesha kitu. Mabadiliko ya mfupa huchelewa wiki moja au mbili kuonekana, hivyo picha safi isimpumbaze mtu.

Baba aliposikia alisimama. Kwao hakuna ugonjwa huo, alisema, hakuna na hajawahi kuusikia. Kama mtoto ameurithi, ameurithi upande mwingine. Na kwa wiki nzima alimtazama mkewe kwa jicho ambalo mwanamke yeyote angelielewa. Nadhani ndoa nyingi zimevunjikia hapo hapo. Alipokubali kupimwa alikutwa na AS, na mke wake AS. Kila mmoja alikuwa na jeni moja nzima na moja yenye kasoro, mzima wa afya, mwenye nguvu za kufanya kazi, bila kujua. Mtoto huchukua jeni moja kwa kila mzazi. Katika kila mimba ya wawili kama hawa, nafasi ni moja kati ya nne mtoto kuwa SS, mbili kati ya nne kuwa AS kama wazazi, na moja kati ya nne kuwa AA. Kura hupigwa upya kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakumkingi anayefuata.

Ila swali la baba lilikuwa halali. Inawezekanaje mtu wa Siaya na mtu wa Kilifi, ncha mbili za nchi, wakutane Lucky Summer wakiwa na kasoro ile ile? Jibu lilianza kupatikana Kenya hii hii. Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari wa Oxford, Anthony Allison, aliyekuwa amelelewa Kenya, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya. Alichukua sampuli za damu za watu wa jamii mbalimbali nchini na kuona jambo la kushangaza. Karibu na Ziwa Victoria na kule Pwani, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu na maeneo makavu hawakufika hata mmoja kati ya mia. Aliitazama ramani akaona malaria. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mwenye jeni moja ya selimundu anakingwa dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, kando ya ziwa na kando ya bahari, waliokuwa AS ndio waliobaki hai kuzaa. Chira haina nafasi hapa, wala kijicho. Mababu wa bibi huyu na mababu wa bwana huyu walipigana na mbu mmoja, kila mmoja kwao, wakaachiwa silaha ile ile.

Nairobi imewaleta wote pamoja. Iko juu, haina malaria ya kudumu, na silaha hiyo haina kazi hapa, lakini gharama yake inaendelea kulipwa. Lucky Summer, kama Korogocho na Baba Dogo, imejaa watu waliotoka magharibi, Pwani na kwingineko, wakaoana, wakazaa. Kijana anayedhani yuko salama kwa sababu ameoa mbali na kabila lake hana msingi wa kudhani hivyo.

Upande wa mama ndio ulionichoma zaidi. Kilifi, walikotaka kumpeleka mtoto kwa mganga, ndiko kuliko kituo cha utafiti cha KEMRI kilichoanzishwa pamoja na washirika wake mwaka 1989, ambako watoto wa selimundu wamefuatiliwa kwa miaka. Kilifi ilikuwa moja ya vituo vinne, pamoja na Uganda, Kongo na Angola, vya utafiti wa haidroksiyurea uliochapishwa mwaka 2019. Dawa hiyo, inayomezwa mara moja kwa siku, huurudisha mwili kutengeneza ile himoglobini ya tumboni isiyopinda. Watoto 606 walioanza kuitumia walipata maumivu machache, maambukizi machache, hata malaria chache, na vifo vilipungua. Uganda nayo ilitumia matone makavu ya damu ya watoto karibu laki moja, yaliyokuwa yamechukuliwa kwa ajili ya kupima virusi vya UKIMWI, ikachora ramani ya selimundu ya nchi nzima. Tone moja la kisigino siku ya kuzaliwa lingetosha kumwokoa yule wa kwanza, na watoto wengi wa Kenya bado wanarudi nyumbani kutoka wodi ya uzazi bila tone hilo kuchukuliwa. Nasema hili kwa uchungu: tuna macho makali kwa kidole cha sita, ambacho huonekana siku ya kwanza, hurithiwa katika ukoo na mara nyingi hakina madhara, mpaka nyanya hukimbilia kukifunga uzi. Vidole kumi vilivyovimba kwa pamoja tunavipaka mafuta.

Binti sasa ana miaka minne. Anakunywa penisilini asubuhi na jioni, foliki asidi, dawa ya kuzuia malaria, na haidroksiyurea, ambayo kwayo huenda kliniki kupimwa damu. Chanjo zake zote zimekamilika. Baba amefundishwa kubonyeza tumbo lake chini ya mbavu za kushoto kuona kama wengu umefura ghafla, na anafanya hivyo kila jioni. Maji ya kuoga hupashwa moto. Kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto kimebaki kifupi kuliko mwenzake, mfupa uliumia mahali unapokulia. Mara mbili wamemkimbiza hospitali usiku kwa homa, na mara mbili amerudi.

Mama alimtafuta yule mlezi. Ilichukua muda, alikuwa amehamia Dandora, anauza mboga. Alimweleza kila kitu, akamrudishia pesa alizotozwa, na kuomba msamaha mbele ya mume wake ili naye asikie. Mlezi alipokea pesa. Akasema amesamehe, kwamba hata yeye usiku ule alijiuliza kama labda alimlalia mtoto vibaya. Mama akamwuliza kama angekubali kumlea binti mchana, kwa kuwa sasa wote wanajua la kufanya.

"Nimekusamehe, mwanangu, kutoka moyoni. Lakini watoto wa watu silei tena."

Mdogo wake baba anaishi Ngomongo na anataka kuoa mwaka huu. Kaka yake alimpeleka mwenyewe kupima, akamlipia, akakaa naye kwenye foleni. Ni AS. Mchumba wake anatoka Bungoma. Wameambiwa na mshauri kwamba hakuna anayewakataza kuoana, kwamba kazi yao ni kujua kabla ya mimba, na kama wote ni AS basi mtoto apimwe anapozaliwa na penisilini ianze mapema. Mchumba amesema atakwenda kupima Jumamosi akipata ruhusa kazini.